Bolti unaigusa, spana haifiki: imekukatalia nini hasa?

Kuna bolti ya stata, ile mota ya kuwashia injini, ilinishika kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri hapa Ngamiani, Tanga. Kichwa cha milimita 14, iko nyuma ya injini chini ya manifodi (yale mabomba yaliyofungwa ubavuni mwa injini), unaigusa kwa ncha ya kidole cha kati lakini spana haiendi. Nilijaribu kila spana niliyonayo, zikaisha, nikaanza kuzirudia upya kama vile safari hii moja itakuwa imejibadilisha. Mzee mmoja wa kijiwe cha jirani, fundi wa miaka mingi, akaja na kikombe chake cha kahawa, akainama, akachungulia, akauliza, "Mwanangu, hiyo bolti imekukatalia nini? Kuonekana, kushikwa, kuzunguka au kulegea?" Nikabaki kimya maana kusema kweli sikuwahi kujiuliza, mi nilichojua imekataa basi.

Tangu siku ile nikikwama naanza na swali lake, kwa sababu kila kukataa kuna dawa yake, na wengi wetu tunakimbilia nyundo na grenda kwenye bolti ambayo shida yake ilikuwa ni nafasi ya digrii tano tu. Kwa hiyo hapa chini nimepanga kwa namna fundi anavyolalamika, wewe tafuta lalamiko lako.

Ila kwanza, kama unaenda kwenye stata au oltaneta (ile inayochaji betri), toa waya wa hasi wa betri. Usiseme "nafungua moja tu dakika mbili". Ule waya mnene unaokwenda stata una moto muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kwenye gari nyingi haupiti kwenye fyuzi yoyote, sasa spana ikigusa pale na mkia wake ukagusa bodi, hiyo ni weldingi umefungua bila kukusudia. Na pete vua, saa vua.

"Siioni kabisa, napapasa tu"

Hapa simu yako ni zana kuliko spana. Washa video na taa yake, ingiza mkono na simu, zungusha polepole pande zote, toa, kaa kivulini uangalie ukiisimamisha pale unapotaka. Nafanya hivi hata kwa bolti ninayoijua maana video inakuonyesha kitu macho hayaoni, kwamba kumbe kuna bomba la maji limepita sentimita moja mbele ya kichwa, au waya umefungwa na klipu ambayo ukiitoa nafasi inaongezeka mara mbili. Bolti nyingi "zisizofikika" zinafikika ukitoa kitu kimoja cha dakika kumi mbele yake, na hapo ndo watu tunapokuwa wagumu, tunahangaika saa tatu kukwepa kufungua boksi la hewa.

Pa kuingiza simu hamna? Kile kioo kidogo cha poda, kifunge na waya kwenye spoku ya baiskeli, kunja shingo, umepata kioo cha daktari wa meno. Muombe mwenye poda kwanza.

Kama hujui saizi ya kichwa na huwezi kupima, chukua donge dogo la unga wa chapati uliokandwa mgumu, kandamiza pale kwa kidole, toa taratibu, alama ya pembe sita itabaki humo na unaipima kwa rula toka bapa hadi bapa. Itakupa jibu la karibu, na mara nyingi linatosha kwa sababu saizi zenyewe ni chache. Kwenye gari na pikipiki za Kijapani bolti ya milimita 6 (unene wa uzi) ina kichwa 10, ya 8 ina kichwa 12, ya 10 ina 14, ya 12 ina 17. Kwingine utakuta ya 8 ina kichwa 13 na ya 10 ina 16 au 17. Kwa hiyo ukihisi ni "12 au 13 hivi", angalia kwanza mashine imezaliwa wapi.

"Nafungua lakini inazidi kukaza"

Usicheke, hii imetupata wote. Nati ikiwa imekupa mgongo, yani imeangalia upande wa pili na wewe unaizungukia kwa nyuma, mwelekeo unaouona unageuka, na ukiwa unaangalia kwenye kioo unageuka tena. Dawa yake ni mkono wa kulia: nyoosha dole gumba kuelekea upande ambao nati inatakiwa kutokea, vile vidole vinne vinavyojikunja ndo vinakuonyesha uzungushe wapi. Fanya hivyo kabla hujaweka nguvu, maana nimeshuhudia kijana anakata bolti ya manifodi kwa bidii zake zote akiamini anafungua.

Na kuna uzi wa kinyume kweli, pedali ya kushoto ya baiskeli ndo inayojulikana zaidi, hiyo inafunguka kwa kuzungusha kama unavyokaza nyingine.

"Spana haiingii kichwani"

Hapa kuna sababu tatu zinazofanana kwa macho.

Ya kwanza ni saizi, si nafasi. Unasukuma unasukuma unadhani kuna kitu kinazuia kumbe kichwa ni cha inchi. Huku kwetu kuna matrekta ya zamani ya mashamba ya mkonge, Massey Ferguson na wenzake, na Land Rover za kale, humo ni inchi tupu. Spana ya nusu inchi ina milimita 12.7 kwa hiyo haiingii kwenye kichwa cha 13 hata uiombe. Ile ya 9/16 ni 14.3, inaingia kwenye 14 lakini inacheza na itaila pembe. 3/4 na 19 ni kama mapacha, tofauti yake huioni. Ukikuta spana inaingia "kwa kulazimisha kidogo" au "inacheza kidogo", simama hapo hapo.

Ya pili ni kutu na rangi. Hewa yetu ya pwani hii, chuma hakilali bila kuvimba. Kichwa cha bolti chini ya gari inayoshinda Raskazone kinaweza kuwa na tabaka la kutu mpaka 17 haiingii 17. Piga brashi ya waya, kwaruza na bisibisi ya bapa kwenye kila upande, halafu jaribu. Usiende kwenye saizi kubwa.

Ya tatu ndo nafasi yenyewe, yani ukuta wa boksi (ile spana ya kikombe inayovaa kichwa kizima) au shavu la spana ni nene kuliko upenyo uliopo. Hapa unatengeneza. Mfano unaojulikana na kila mtu hapa Tanga, mji wa baiskeli huu, ni koni za ekseli ya gurudumu, koni ina bapa jembamba sana na nati ya kufungia iko juu yake, spana ya kawaida inashika zote mbili kwa pamoja na hapo hukazi wala hufungui. Fundi baiskeli anachukua spana ya bei ndogo, anaisaga pande zote mbili kwenye jiwe la grenda mpaka ibaki kama milimita mbili, kazi imekwisha. Cha kuzingatia ni maji: weka kopo pembeni, saga sekunde chache, chovya, saga tena. Chuma kikigeuka rangi ya bluu kwenye kusaga ujue ugumu wake umepungua na yale meno yatafunguka siku ya kwanza.

Boksi nalo linasagwa kwa nje vivyo hivyo, ila ukishalipunguza ukuta usilitumie kwenye bolti kubwa wala kwenye bunduki ya upepo. Na kama tatizo ni urefu, boksi likiingia racheti (ule mkono wa kuzungushia boksi, wenye meno ndani) haina pa kukaa, kata boksi la mtumba upande wa tundu la mraba, chomelea nati ya 17 mgongoni, sasa una boksi fupi unalolizungusha kwa flati, spana ya mdomo wazi, ya 17 kutoka ubavuni. Mi ninayo ya 12 na ya 14 za hivyo, mbaya kwa sura, nimeshapewa majina nazo, lakini zinaingia pale ambapo seti ya gharama inabaki kwenye boksi lake.

Nikizungumzia seti ya gharama, niliwahi kununua jointi za kukunja kwenye duka moja mjini, zinang'aa kama fedha, ya kwanza ilivunjika msalaba siku ile ile kwenye bolti ya 12. Nilirudisha nikaambiwa nimeitumia vibaya. Haya. Tangu hapo nikitaka jointi nanunua zile kuukuu za mtumba zilizochakaa rangi, maana ingekuwa ya kuvunjika ingeshavunjika kwa wenzangu.

"Imeingia vizuri, ila haina pa kuzungukia"

Hii ndo ile bolti yangu ya stata na ndo tatizo kubwa kuliko yote. Hesabu yake ni ya digrii, na ukiijua hesabu unajua mapema kama unapoteza muda.

Ringi, yani spana ya duara, yenye pembe sita inataka digrii 60 kabla hujaitoa na kuirudisha. Yenye pembe kumi na mbili inataka 30. Flati ya kawaida ingekuwa 60 pia, lakini angalia kichwa chake, kimekaa upande digrii 15, hakijanyooka na mkia. Watu wanadhani ni urembo. Ukivuta kidogo, ukaigeuza spana tumbo juu, ukavuta tena, ukageuza, inakula kwa hatua za 30, yani nusu ya nafasi. Fundi anayejua hili anafungua nati mahali ambapo mwenzake ameshasema toa injini. Racheti ya meno 24 inataka 15, ya meno 36 inataka 10, ya meno 72 inataka 5 tu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote peleka mkono na spana pale, angalia mkia unatembea kiasi gani kabla ya kugonga. Ukitembea robo ya robo duara, hiyo ni kama digrii 22, ringi haikufai hata ya pembe kumi na mbili, racheti inafaa.

Ila kuna mtego. Ukiweka racheti ya meno 72, halafu ekstensheni mbili (fimbo za kurefusha), halafu jointi, kila muungano una mchezo wake, na ukiijumlisha hiyo michezo yote inaweza kula digrii zote ulizokuwa nazo. Mkono unatembea, boksi limetulia tu. Ekstensheni moja ndefu ni bora kuliko mbili fupi zilizounganishwa, na jointi weka moja tu, iwe karibu na boksi, isikunjike sana. Ukiifunga jointi kwa teipu nyeusi raundi tatu nne inakuwa nusu ngumu, haianguki shingo kila unapoiingiza kichakani.

Sasa kwangu hata racheti haikukaa, kulikuwa na sentimita mbili unusu tu kati ya kichwa na ukuta. Mzee akamaliza kahawa yake, akachukua kipande cha waya wa kufungia nondo, akakipitisha pale chini, akakikandamiza kwa vidole kufuata njia ambayo mkia wa spana ungepita, akakitoa taratibu kikiwa na umbo kama herufi S iliyolegea. "Spana yako inatakiwa iwe hivi." Basi. Ule waya ndo ramani. Kabla ya hapo mi ningekunja spana kwa kukisia nikaharibu tatu.

Tukaenda kwa jamaa wa kuchomelea mwenye gesi, nyumba ya tatu. Ringi ya 14 ya kichina, niliinunua kwa bei ya sahani ya wali, hiyo hainiumi. Kwanza akasaga ile nikeli na kromu yote sehemu ya kukunjwa maana ukiichoma na gesi inatoa moshi mbaya kwa mapafu, na alifanya nje si ndani ya banda, hata hivyo alisimama upande wa upepo wa bahari unaotoka nyuma yake. Kichwa cha ringi akakivisha kitambaa kilicholowa maji chapachapa, kazi yake ni kuzuia moto usipande mpaka kwenye meno, meno yakishapashwa yanalainika na spana haina maana tena. Akapasha shingo mpaka ikawa nyekundu kama mkaa uliopulizwa, akaibana kwenye vaisi, akavalisha kipande cha bomba kwenye mkia, akavuta taratibu huku mimi nimeshika ule waya karibu nalinganisha, "bado, bado, hapo, simama". Mkunjo wa pili vivyo hivyo upande wa pili.

Na hapa nisikilize vizuri: usiitumbukize kwenye maji. Mimi mara ya kwanza nilipojaribu mwenyewe nyumbani niliichovya kwenye ndoo, ikalia chsss nikajiona fundi chuma kweli, kesho yake ilikatika kama biskuti. Chuma cha spana kikitoka kwenye wekundu kikaingia maji kinakuwa kigumu halafu chepesi kuvunjika. Iache kwenye hewa au ifukie kwenye majivu ipoe polepole. Itakuwa laini kidogo kuliko ilivyozaliwa, kwa bolti za kawaida inatosha.

Ile ringi iliingia, ikakamata, ikatembea digrii 30 zake, tak, bolti ikalegea. Kazi yote toka kwenye waya mpaka tak haikufika saa moja.

"Racheti inalia krr krr lakini bolti haitoki"

Bolti imeshalegea, unazungusha, unarudisha, unazungusha, dakika kumi baadaye iko pale pale. Racheti si mbovu. Bolti ikishalegea inakuwa nyepesi kuliko meno ya ndani ya racheti, kwa hiyo unaporudisha mkono racheti inarudi nayo bolti. Unafungua na kufunga kwa bidii moja. Shika boksi au ekstensheni kwa vidole vya mkono mwingine wakati wa kurudisha, au tupa racheti pembeni umalizie kwa vidole. Kidole hakifiki? Chukua mpira wa petroli wa pikipiki wenye kipenyo kinachobana kichwa cha bolti, uvalishe, uzungushe mpira kwa mkono, unajikunja kona yoyote.

"Imetoka nusu, sasa spana imebanwa"

Hii inaumiza roho. Umeweka ringi ya racheti isiyo na kibonyezo cha kurudi nyuma, bolti inatoka inatoka, kichwa kinaisogeza spana mpaka kwenye ukuta, sasa haitoki mbele wala nyuma, na kukaza huwezi kwa sababu racheti inakwenda upande mmoja tu. Kabla ya kuanza jua urefu wa bolti (angalia mwenzake wa upande wa pili) na ulinganishe na nafasi iliyo nyuma ya kichwa. Kama nafasi ni ndogo, legeza kwa spana halafu malizia na vidole au mpira. Ukishabanwa tayari, jaribu kubana mwili wa bolti nyuma ya kichwa na plaizi ya mdomo mrefu uikaze kidogo kidogo, au legeza kile kilichoshikwa na bolti kisogee. Ikishindikana spana hiyo inakatwa, pole.

"Kila kitu kimekaa sawa, haing'oki tu"

Hapo nafasi siyo adui, nguvu ndo haitoshi, na mara nyingi ni kwa sababu mkia wa spana ni mfupi ili iweze kuingia. Hesabu rahisi: spana ya sentimita 20 ukiivuta kwa uzito wa kilo 20 unapata kama nyutonimita 40. Ile fupi ya sentimita 10 kwa nguvu ile ile unapata 20, na bolti ya milimita 10 ya kawaida ilikazwa kwa karibu 50. Kwa hiyo si udhaifu wako. Ongeza mkia: pachika ringi ya spana nyingine kwenye mdomo wa flati wa ile ya kwanza, umepata mkono mara mbili. Vuta kuja kwako kwa kiganja kilicho wazi, usisukume, ikiteleza ukiwa unasukuma vifundo vya vidole vinaacha ngozi pale.

Bolti ya chuma iliyoingia kwenye alumini ndo ugonjwa wa pwani. Nenda pale Deep Sea uwaulize wenye boti, bolti za stenlesi kwenye mwili wa alumini wa injini ya boti, chumvi ikiingia kati yake vinashikana kama ndugu. Hapo usilazimishe kwa mkia mrefu utakata. Mwagia kilainishi jioni, rudia asubuhi, gonga kichwa cha bolti moja kwa moja kwa kipande cha shaba, vipigo vingi vidogo, halafu jaribu KUKAZA kidogo kabla ya kufungua, mara nyingi inavunja kutu bila kuvunja bolti. Moto unasaidia maana alumini inatanuka zaidi ya chuma, lakini si karibu na petroli, wala mpira, wala waya. Siku ya kurudisha paka grisi isiyosafishwa na maji ya chumvi kwenye uzi, utanishukuru miaka miwili mbele.

Kichwa kikishaliwa pembe, gonga boksi la pembe sita lililo dogo kidogo, au vaisgripu (plaizi ya kujifunga) kama kuna nafasi, na kama hakuna, chomelea nati juu yake. Sichimbi zaidi hapo, hiyo ni safari nyingine.

"Ni skrubu ya nyota na bisibisi haisimami"

Kabureta za pikipiki mnanielewa. Bisibisi inataka inchi nane, nafasi ipo ya vidole viwili. Chukua ile ncha ya kubadilisha ya bisibisi, ina urefu wa sentimita mbili unusu na kiuno chake cha pembe sita ni robo inchi, yani milimita 6.35, kwa hiyo spana ya 6 haiingii na ya 7 inacheza, tafuta ringi ya robo inchi. Kandamiza mgongo wa ncha kwa dole gumba, zungusha kwa ringi. Kukandamiza ndo siri, ncha ya nyota inaruka ikikosa uzito. Kama huwezi kukandamiza kwa kidole, pachika kipande cha mbao au kabari kati ya ncha na ukuta wa nyuma.

Alenki, ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa cha bolti, ni ndugu yake. Mkono mfupi ukigonga ukuta, kata kipande cha alenki hiyo cha sentimita mbili, kiingize kwenye tundu, kamata kwa ringi ya saizi ile ile, alenki ya 8 ringi ya 8. Kata kwa grenda taratibu na maji, chuma chake ni kigumu, msumeno wa mkono utalia tu.

"Ni chini ya sinki, siyo gari"

Nati ya plastiki ya bomba, yenye masikio, nyuma kabisa ya beseni na umelala chali uchafu unakudondokea usoni. Kata kipande cha bomba pana la plastiki kinachoweza kuvaa bomba la maji, chonga mifereji kwenye mdomo wake ikae kwenye masikio ya nati, upande wa chini pitisha msumari mkubwa uwe mkono. Kama bomba la maji lina mpira mrefu ulioning'inia, lipasue bomba lako ubavuni lipite. Imekwisha, ni dakika kumi na tano.

"Kufungua nimefungua, kurudisha ndo kumekataa"

Hapa ndo wengi tunalala nje. Kufungua bolti unaikamata pale ilipo, kurudisha lazima uipeleke wewe, kwa mkono mmoja, bila kuiona.

Ikidondoka kutoka kwenye boksi kila ukiinama, weka tone la grisi ndani ya boksi, au kipande cha karatasi kati ya kichwa na ukuta wa boksi kibane. Sumaku ndogo ukiibandika kwenye ekstensheni inafanya boksi zima lishike bolti. Lakini stenlesi nyingi sumaku haizishiki, nimeona mtu kwenye boti anatafuta nati kwa sumaku robo saa nzima ndani ya maji ya chini, nati iko pale, ya stenlesi. Tumia teipu yenye gundi iliyogeuzwa.

Ikigoma kushika uzi usilazimishe na racheti. Zungusha kinyume kwanza taratibu mpaka usikie imedondoka kidogo, tak, hapo uzi umekutana na uzi, sasa zungusha mbele. Raundi tatu za kwanza ni za vidole au mpira wa petroli, ikikaza mapema toa uanze upya. Plagi za injini mi naziingiza kwa mpira tu, mpira ukianza kuteleza ujue umefika, halafu ndo unaleta spana. Ukikosea uzi mpira unateleza mapema, hauna nguvu ya kuharibu kichwa cha silinda.

Na kama unapima ukazaji kwa spana ya kupima (ile inayoonyesha nguvu ya kukaza) na umeongeza kichwa cha pembeni mbele yake, kipimo kinadanganya. Spana ya sentimita 40 ikiongezewa 5 mbele kwa kunyooka, ukitaka nyutonimita 45 seti 40. Ukikigeuza kile kichwa kikae digrii 90 na mkia, hubadilishi kitu.

Ile ringi yangu ya S haina kipimo chochote, niliirudisha bolti ya stata kwa mkono na mazoea, nikaipaka alama ya rangi nyeupe kichwani mpaka kwenye nyumba yake ili wiki ijayo nikichungulia kwa simu nione kama imesogea. Haikusogea. Ringi yenyewe ameiazima dereva mmoja wa Kange, kasema anairudisha jioni. Ule waya wa mzee bado ninao, umening'inia kwenye msumari pale ukutani, nikihitaji nyingine natoa kopi.